Drafti ya 1950: Mwenye Mlango wa Pili na Asiye Nao

Tarehe 25 Aprili 1950, wamiliki na makocha wa timu 12 za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, walikutana mjini Chicago kugawana vijana waliokuwa wakihitimu vyuo vikuu mwaka huo. Raundi baada ya raundi kila timu ilitaja jina, na jina likishatajwa likawa mali ya timu iliyolitaja. Hadi kikao kinafungwa, majina 121 yalikuwa yamekwisha kugawanywa. Shughuli hiyo ndiyo inayoitwa drafti, na msomaji aliyezoea drafti ya kete barazani aniwie radhi kwa maneno hayo kufanana, kwa kuwa hapa kinachosogezwa huku na huko ni watu.

Kila drafti hiyo inapotajwa, hutajwa kwa jambo moja kubwa: ndiyo ya kwanza ambamo timu za NBA zilichagua wachezaji weusi. Jambo hilo ni kweli na lina uzito wake, nami nitalifikia. Hata hivyo, naamini kwamba tukilitenga na mambo mengine yaliyotokea katika kikao kile kile, hatutaelewa kwa nini mlango ulifunguliwa mwaka ule na si mwaka uliotangulia, wala hatutaelewa kwa nini waliopitia mlangoni hapo walilipa gharama ambayo wenzao hawakulipa. Hoja yangu ni kwamba orodha ya 1950 haifai kusomwa kama orodha ya vipaji. Ni kumbukumbu ya hofu na mahesabu ya wamiliki, na kilichoamua hatima ya kijana aliyetajwa ndani yake si namba aliyoitiwa, bali ni kama alikuwa na mahali pengine pa kwenda endapo angesema hapana.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Ligi hii ilizaliwa New York mwezi Juni 1946 kwa jina la BAA, na ikaanzishwa zaidi na wamiliki wa kumbi kubwa waliotaka kitu cha kujaza viti usiku ambao hapakuwa na mchezo wa magongo wa barafuni. Msimu mmoja tu ulipopita waliiga utaratibu ambao ligi ya soka la Marekani ilikuwa imeuanza mwaka 1936: timu dhaifu itangulie kuchagua, timu yenye nguvu ifuate, na mchezaji aliyechaguliwa asizungumze na timu nyingine yoyote ndani ya ligi. Hoja iliyotolewa hadharani ilikuwa usawa, kwamba wanyonge wapate nafasi ya kuinuka. Hoja ambayo haikusemwa sana ni kwamba timu mbili zisipomgombea kijana mmoja, mshahara wake haupandi.

Drafti ya kwanza ilifanyika Detroit tarehe 1 Julai 1947, na mwanzo wake unafundisha. Jina la kwanza kabisa kutajwa lilikuwa la Clifton McNeely wa chuo cha Texas Wesleyan, aliyechaguliwa na Pittsburgh Ironmen. McNeely hakucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Alikwenda kufundisha mpira wa kikapu katika shule ya sekondari huko Texas na akajijengea jina la heshima katika kazi hiyo, ilhali Ironmen wenyewe walifunga shughuli zao kabla ya msimu kuanza. Walt Dropo, aliyechaguliwa karibu naye na Providence Steamrollers, aliona besiboli inalipa zaidi akaenda huko, na mwaka 1950 akatajwa kuwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake ya besiboli. Hii ndiyo hali ambayo mtu wa leo, aliyezoea kuona vijana wakilia kwa furaha mbele ya kamera, huona tabu kuielewa: kwa mhitimu wa chuo wa miaka ile, kuchaguliwa na timu ya kulipwa kulikuwa pendekezo moja la kazi miongoni mwa mengine, na mara nyingi halikuwa pendekezo bora.

Kufikia 1950 mambo yalikuwa yamebadilika kidogo tu. Mwezi Agosti 1949 BAA iliungana na mshindani wake, NBL, jina la NBA likapatikana, na msimu ukachezwa na timu 17, nyingine zikitoka miji midogo kama Sheboygan na Waterloo. Ligi hiyo haikuweza kujibeba. Mwaka mmoja baadaye timu sita zilikuwa zimeondoka au kufa, na msimu wa 1950–51 ukaanza na timu 11. Washington Capitols nao walivunjika katikati ya msimu huo, Januari 1951. Kwa hiyo wale waliokaa Chicago mwezi Aprili kugawana vijana hawakuwa mabwana wenye hazina. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye wasiwasi, na baadhi yao walikuwa wakichagua wachezaji kwa ajili ya timu ambayo isingekuwapo ifikapo Krismasi.

Nafasi ya kwanza ilikuwa ya Boston Celtics, waliomaliza msimu uliopita kwa ushindi mara 22 na kushindwa mara 46. Mashabiki na waandishi wa Boston walimtaka kijana mmoja tu, Bob Cousy wa chuo cha Holy Cross, kilichoko Worcester, safari fupi kutoka Boston. Cousy alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Ufaransa, amekulia New York, na alipeleka pasi nyuma ya mgongo na kupiga chenga kwa namna ambayo makocha wengi wa wakati ule waliiona kama maonyesho ya barabarani. Kocha mpya wa Celtics, Red Auerbach, alimwacha. Akamchagua Chuck Share wa Bowling Green, mwenye urefu wa takriban mita 2.11, na waandishi walipomlalamikia aliwajibu kwa maana kwamba ameajiriwa kushinda mechi, si kuwaridhisha watu wa mtaani.

Sipendi namna uamuzi huo unavyosimuliwa leo kama kioja cha kocha mkubwa aliyepofuka. Auerbach alikuwa na sababu. Ligi nzima ilikuwa chini ya kivuli cha George Mikan, senta wa Minneapolis Lakers mwenye urefu wa takriban mita 2.08, ambaye timu yake ilikuwa imetwaa ubingwa wa 1949 na 1950, na hakuna aliyejua namna ya kumzuia isipokuwa kwa kumtafuta mrefu mwenzake. Kocha aliyekuwa amejiunga na timu iliyoshindwa mara 46 alichagua dawa ya ugonjwa aliouona. Alichokosea ni kudhani kwamba mrefu yule alikuwa amekwisha kuwa wake.

Share alikuwa na mlango wa pili. Timu zilizoondoka NBA mwaka huo hazikufa zote. Baadhi ziliungana na kuunda ligi pinzani, na mojawapo, Waterloo Hawks, ilimpata Share. Celtics walibaki na haki yake kwenye karatasi tu. Ligi pinzani ilipokufa mwaka 1951, Boston waliiuza haki hiyo kwa Fort Wayne Pistons, na katika malipo wakapokea haki ya Bill Sharman, mlengaji hodari kutoka chuo cha Southern California, aliyechaguliwa na Washington katika raundi ya 2 ya drafti ile ile ya 1950 na kubaki bila timu Capitols walipovunjika. Sharman alikuja kutwaa mataji manne akiwa Boston. Kwa hiyo mtu wa kwanza katika orodha hakuwahi kuvaa jezi ya timu iliyomchagua, na faida yake kubwa kwa timu hiyo ilikuwa kubadilishwa na mtu mwingine. Share mwenyewe, niseme kwa haki, alidumu katika ligi karibu muongo mzima na akawa bingwa mwaka 1958 akiwa na St. Louis Hawks.

Kisa cha Cousy kinajulikana zaidi, lakini nadhani kinasimuliwa kwa kusisitiza sehemu isiyo muhimu sana. Alichaguliwa wa tatu na Tri-Cities Blackhawks, timu ya miji jirani ya Moline, Rock Island na Davenport kando ya mto Mississippi, ambayo leo baada ya kuhamahama ni Atlanta Hawks. Cousy hakutaka kwenda. Alikuwa Worcester akiandaa shule ya udereva, biashara aliyoitarajia imlishe, na kama angeng'oka alitaka dola 10,000 kwa mwaka. Mmiliki wa timu, Ben Kerner, alitaja dola 6,000. Cousy akakataa. Kerner akaiuza haki yake kwa Chicago Stags, na Stags wakafa kabla ya msimu kuanza. Wachezaji wao wakagawanywa kwa timu nyingine, na mwishoni wakabaki watatu waliozifanya New York, Philadelphia na Boston zivutane: Max Zaslofsky, Andy Phillip na Cousy. Majina matatu yakatiwa kwenye kofia. New York wakampata Zaslofsky, ambaye kila mmoja alimtaka, Philadelphia wakampata Phillip, na Walter Brown, mmiliki wa Celtics, akabaki na Cousy, bila furaha.

Watu hupenda kofia. Ni picha inayokaa akilini, nayo inamfanya Cousy aonekane kama zawadi ya bahati nasibu: mtu aliyeongoza ligi kwa pasi za kuzaa vikapu misimu minane mfululizo, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 1957 na kutwaa mataji sita, apatikane kwa kupapasa ndani ya kofia. Mimi naona cha kuangaliwa zaidi ni shule ya udereva. Kofia isingekuwapo kama Cousy asingekataa kwanza, na asingeweza kukataa kama asingekuwa na biashara aliyokuwa tayari kuifanya. Biashara ile ndogo ya kufundisha watu kuendesha magari ilikuwa na nguvu kuliko kanuni ya ligi nzima. Alipotia saini Boston alipata dola 9,000, nusu tena zaidi ya kiasi ambacho mtu mwenye haki ya kumiliki jina lake alidhani angelazimika kukipokea.

Wala hakusahau alichojifunza. Mwaka 1954 Cousy ndiye aliyewaandikia wenzake wa timu nyingine kuanzisha chama cha wachezaji wa NBA, akawa rais wake wa kwanza, na wamiliki wakagoma kukitambua hadi 1957. Kamba yenyewe ya drafti ilichukua muda mrefu zaidi kulegezwa. Kesi iliyofunguliwa mwaka 1970 kwa jina la Oscar Robertson, aliyekuwa wakati huo rais wa chama hicho, ilimalizwa kwa makubaliano mwaka 1976, na ndipo timu ilipowekewa mpaka wa mwaka mmoja wa kumshikilia kijana iliyemchagua ikiwa hawakuafikiana. Kabla ya hapo, aliyetajwa na timu moja na kuikataa angeweza kungoja hadi miguu ichoke.

Kulikuwa pia na njia ya kando, nitaipitia kwa haraka. Timu iliruhusiwa kuiacha nafasi yake ya raundi ya kwanza na badala yake kumchukua mchezaji aliyesoma ndani ya maili 50 za mji wake, yaani kilomita 80 hivi, kabla wengine hawajaanza kuchagua. Hesabu ilikuwa ya tiketi: kijana aliyejaza ukumbi wa chuo angewavuta watu wale wale kwenye ukumbi wa timu. Kwa kanuni hiyo Philadelphia Warriors walimpata Paul Arizin wa Villanova, aliyerusha mpira akiwa hewani wakati ambapo wengi bado walirusha miguu ikiwa chini, na ambaye katika msimu wake wa pili aliongoza ligi nzima kwa kufunga. Kanuni hiyo ilidumu hadi 1965. Ikumbukwe tu kila mtu anaposema kwamba drafti ilibuniwa ili kuwainua wanyonge: tangu mwanzo, usawa uliposimama njiani mwa mapato ya mlangoni, usawa ndio uliosogezwa.

Mapato ya mlangoni ndiyo yanayotupeleka kwenye suala la rangi.

Si kweli kwamba wamiliki wa 1950 hawakujua kuwa wachezaji weusi wanaweza kucheza kiwango chao. Walijua, na walikuwa wameona kwa macho yao. Tarehe 19 Februari 1948, Harlem Globetrotters, timu ya wachezaji weusi iliyocheza nje ya ligi, waliwafunga Lakers wa Mikan pointi 61 kwa 59 katika ukumbi wa Chicago Stadium, kwa mpira wa mwisho wa Ermer Robinson, na mwaka uliofuata wakawafunga tena. NBL ilikuwa imewachezesha wachezaji weusi tangu miaka ya vita, na msimu wa 1948–49 ilipokea timu nzima ya wachezaji weusi, New York Rens, iliyomaliza msimu ikicheza kutoka Dayton, Ohio. Ligi mbili zilipoungana mwaka 1949, Rens hawakuchukuliwa. Sheboygan na Waterloo walichukuliwa. Hapo hapakuwa na swali la uwezo wa kucheza, na yeyote anayeandika historia ya ligi hii kana kwamba mwaka 1950 wamiliki waligundua jambo wasilolijua anawapunguzia lawama wanayostahili.

Kilichowazuia kilikuwa mchanganyiko wa ubaguzi wa kawaida wa nchi yao na utegemezi wa fedha. Globetrotters, waliomilikiwa na Abe Saperstein, walijaza kumbi kuliko timu yoyote ya ligi. Timu changa za NBA zilipanga mechi zao usiku mmoja na mechi ya Globetrotters ili watu waje, na siku hizo ndizo zilizolipa madeni. Saperstein kwa upande wake alikuwa karibu mwajiri pekee wa mchezaji mweusi aliyetaka kuishi kwa mpira wa kikapu, na hakuwa na hamu ya kupata washindani. Kwa hiyo mchezaji mweusi alizingirwa pande mbili: ligi haikumtaka, na aliyemtaka alifaidika ligi isipomtaka. Huyu ndiye kijana asiye na mlango wa pili ninayemsema. McNeely alikuwa na shule yake, Dropo besiboli yake, Share ligi pinzani, Cousy shule ya udereva. Mchezaji mweusi alikuwa na Globetrotters, na akikosana na Globetrotters hakuwa na kitu.

Ilipofika raundi ya 2, Walter Brown wa Boston alilitaja jina la Charles Cooper, maarufu Chuck, wa chuo cha Duquesne. Inasimuliwa kwamba mmoja wa waliokuwapo alimuuliza kama anajua kuwa Cooper ni mweusi, naye akajibu kwa ukali kwamba hajali hata kama kijana huyo angekuwa na mistari au madoadoa. Jibu hilo limerudiwa mara nyingi kwa maneno yasiyolingana, na mimi sioni haja ya kuling'ang'ania. Kinachonigusa ni kwamba Brown alikuwa na timu inayopoteza fedha, mwenye ukumbi aliyefahamu vizuri Saperstein angeweza kumfanyia nini, na bado alilitaja jina lile. Saperstein alikasirika kweli, akatishia kutopeleka tena timu yake Boston. Wema wa Brown haupungui kwa kusema kwamba alihitaji wachezaji. Unapungua tukidai kwamba hakuhatarisha kitu.

Cooper hakuwa mgeni wa masuala haya. Mwezi Desemba 1946, akiwa mwanafunzi mpya baada ya kutumikia jeshi la wanamaji, chuo cha Tennessee kilisafiri hadi Pennsylvania kucheza na Duquesne, na kilipojua kwamba Cooper yumo kikosini kikataka asichezeshwe. Duquesne walikataa kumtoa, na mechi ikavunjika. Nimelifikiria sana jambo hilo: kundi la vijana, wengi wao wametoka vitani, wakiambiwa wamwache mwenzao mmoja benchi ili usiku uendelee kwa amani, na uamuzi ukawa kwamba ni afadhali pasiwe na mechi. Miaka minne baadaye, wanaume wazima waliomiliki timu walihitaji ujasiri wa mmoja wao kufanya jambo dogo kuliko lile.

Brown alipotangulia, wengine walifuata upesi, na upesi huo ndio ushahidi wangu kwamba kilichokosekana hakikuwa wachezaji. Katika raundi ya 9 Washington Capitols walimchagua Earl Lloyd wa West Virginia State, chuo cha Wamarekani weusi, kisha raundi iliyofuata wakamchagua Harold Hunter wa North Carolina College. Mwezi uliofuata New York, ambao mmiliki wao Ned Irish alikuwa ameibana ligi impe ruhusa, walimnunua Nat Clifton moja kwa moja kutoka kwa Globetrotters wenyewe. Ratiba ya mechi ndiyo iliyoamua nani aingie uwanjani wa kwanza: tarehe 31 Oktoba 1950, Lloyd alicheza dhidi ya Rochester na kufunga pointi 6, siku moja kabla ya Cooper na siku chache kabla ya Clifton. Baada ya mechi saba Lloyd aliitwa jeshini, vita vya Korea vikiwa vimeanza. Alirudi, akajiunga na Syracuse, na mwaka 1955 yeye na Jim Tucker wakawa wachezaji weusi wa kwanza kutwaa ubingwa wa NBA.

Hunter ndiye ninayetaka msomaji amkumbuke, kwa sababu karibu hakuna anayemkumbuka. Siku moja baada ya drafti alitia saini mkataba na Capitols, na hivyo akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kutia saini mkataba wa NBA. Aliachwa wakati wa mazoezi ya kabla ya msimu, hakucheza mechi yoyote, na ligi ilianza bila yeye. Hakuna aliyemchunga wala kumsubiri akue. Wachezaji wa kizungu walioachwa vuli ile walikuwa wengi, lakini mzungu aliyeachwa na timu moja angeweza kupiga hodi kwa zile nyingine, wakati kwa Hunter timu zenye utayari wa kumfungulia zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Baadaye alikuwa kocha wa kuheshimiwa katika chuo cha Tennessee State.

Na kwa Cooper mwenyewe? Msimu wake wa kwanza ulikuwa mzuri: wastani wa pointi 9.3 na mipira 8.5 aliyoidaka kutoka kwenye ubao kwa mechi. Kisha takwimu zake zikaanza kushuka. Cooper na Lloyd walieleza baadaye, kila mmoja kwa njia yake, kwamba wachezaji weusi wa kwanza walipewa kazi ya kukaba, kudaka mipira na kuwazuia wapinzani wagumu, ilhali mipango ya kufunga iliandaliwa kwa ajili ya wengine. Hili ni gumu kuliona katika takwimu kwa sababu linaonekana kama upungufu wa mchezaji. Anayesoma leo kwamba Cooper alimaliza misimu sita akiwa na wastani wa chini ya pointi 7 anaweza kudhani kuwa alikuwa mchezaji wa kawaida aliyepewa heshima kwa sababu ya kuwa wa kwanza, na hivyo kumdhulumu mara ya pili. Mtu aliyekuwa nyota wa chuo chake haachi kujua kufunga kwa kupanda treni kwenda Boston.

Treni inanikumbusha Raleigh. Mwaka 1952 Celtics walikwenda kucheza huko North Carolina, na hoteli ya timu haikumpokea Cooper. Badala ya kukubali kudhalilishwa kwa kutafutiwa kitanda kwingine, Cooper aliamua kuondoka kwa treni ya usiku, na Cousy akaondoka naye. Wakakaa stesheni wakingoja, wakakuta vyoo vimeandikwa mlango huu wa wazungu na ule wa watu weusi. Cousy amesimulia tukio hilo mara kadhaa uzeeni kwa uchungu ambao haukupungua. Wawili hao walitokana na drafti moja. Mmoja alikuwa ameikataa timu iliyomchagua na akalipwa vizuri zaidi kwa kukataa kwake, na mwenzake hakuwa na namna ya kukataa hata chumba cha hoteli isipokuwa kwa kukosa usingizi.

Neno drafti liliingia masikioni mwa Watanzania wengi mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kutoka chuo kikuu cha Connecticut, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tulifurahi, tulistahili kufurahi, na katika msimu ule ule wa kwanza alipopelekwa ligi ya chini kupata muda wa kucheza, baadhi yetu tuligeuka na kumhukumu kwa namba ile 2 kana kwamba aliichagua mwenyewe. Namba hiyo ilikuwa makadirio ya Memphis kuhusu Hasheem, kama namba 1 ilivyokuwa makadirio ya Auerbach kuhusu Share na kama raundi ya 9 ilivyokuwa makadirio ya Capitols kuhusu Lloyd. Cousy, Sharman na Arizin walitajwa mwaka 1996 katika orodha ya wachezaji 50 bora wa historia ya ligi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa namba 1 siku ile Chicago.

Cooper alipoacha mpira alirudi shuleni, akapata shahada ya uzamili ya kazi za ustawi wa jamii katika chuo kikuu cha Minnesota, kisha akarudi kwao Pittsburgh, ambako alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza idara ya jiji ya bustani na burudani. Alifariki mwaka 1984. Lloyd aliingizwa katika Jumba la Heshima la mpira wa kikapu mwaka 2003, Clifton mwaka 2014, na Cooper, ambaye jina lake lilitajwa kabla ya yao, mwaka 2019.